IFLA, John Cotton Dana au tuzo za matangazo: maktaba ya Nairobi iombe ipi?

Zipo tuzo ambazo maktaba hupewa si kwa wingi wa vitabu wala kwa uzuri wa jengo, bali kwa jinsi ilivyojitangaza hadi watu waliozoea kupita mlangoni bila kugeuka wakaanza kuingia. Wakutubi wengi wa Nairobi hawajawahi kuomba tuzo ya namna hiyo. Wachache waliowahi kulifikiria jambo hili huuliza swali lile lile: kati ya tuzo zilizopo, ni ipi inayostahili wiki mbili au tatu za kuandika maombi, ilhali kazi ya kila siku haisubiri? Katika kulinganisha nimekuwa na picha ya maktaba tunazozijua: wafanyakazi watano au sita, fedha za matangazo zinazotosha mabango machache na vipeperushi, na wasomaji ambao wengi wao huja na madaftari yao wenyewe wakitafuta meza, utulivu na stima.

Kuna jambo moja la kuliweka wazi kabla ya kulinganisha chochote, kwa sababu ndilo huwakosesha wengi tangu mwanzo. Tuzo hizi hutolewa kwa kampeni; huduma, hata ikiwa nzuri kiasi gani, si kampeni. Chukua maktaba ya ngamia ya Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya, iliyoanza Garissa mwezi Oktoba mwaka 1996 ikiwa na ngamia watatu na baadaye ikafika Wajir. Picha za ngamia waliobeba masanduku ya vitabu zimezunguka dunia nzima na kuitangaza Kenya kuliko bango lolote lililowahi kubandikwa na maktaba ya hapa nchini. Hata hivyo, aliyewapakia ngamia wale hakukusudia kutangaza kitu; alitaka vitabu viwafikie wafugaji wanaohama. Jaji wa tuzo ya masoko atakayesoma habari hiyo atafurahi, kisha atauliza: mlitaka kumfikia nani kwa ujumbe gani, mkachagua njia ipi, na mlijuaje kwamba ujumbe ulifika? Andiko lisilojibu maswali hayo halifiki mbali, hata likisindikizwa na picha za ngamia.

Tuzo ya IFLA

IFLA ni shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba. Lilianzishwa Edinburgh mwaka 1927, makao yake yako The Hague nchini Uholanzi, na wakutubi wakongwe wa hapa watakumbuka kwamba mkutano wake mkuu wa mwaka 1984 ulifanyika Nairobi. Tuzo yake ya kimataifa ya masoko ya maktaba ilianza mwanzoni mwa karne hii chini ya kitengo chake cha usimamizi na masoko, na jina lake limekuwa likibadilika kila anapobadilika mfadhili: kwanza 3M ya Marekani, kisha wachapishaji Emerald wa Uingereza, baadaye BibLibre ya Ufaransa, halafu PressReader ya Kanada. Mabadiliko hayo yana maana kwa mwombaji. Tuzo inayotegemea mfuko wa mtu mwingine haina uhakika wa kutolewa kila mwaka, kwa hiyo kabla ya kuitisha kikao cha kwanza, hakikisha kwamba mwaliko wa mwaka huo umeshatangazwa, usije ukaandika maombi ya dirisha lililofungwa.

Kinachonifanya niiweke tuzo hii mbele ya nyingine ni sharti moja lililo katika vigezo vyake. Majaji hutazama mkakati uliotokana na utafiti na mipango, ubunifu wa suluhisho, uwezo wa kampeni kuwafanya watu wengi waione na kuiunga mkono maktaba, matokeo yaliyopatikana, na kama maktaba inaendelea kujitangaza hata baada ya kampeni kwisha. Katika kigezo kile cha kuonekana na watu wengi imeongezwa kwamba uzito haupimwi kwa aina wala kiasi cha rasilimali zilizotumika. Kwa maktaba ya Kaloleni au ya Kibera, maneno hayo yana thamani kuliko kiasi chochote cha fedha za zawadi, kwa sababu yanamaanisha kwamba bango lililochorwa kwa mkono linaweza kushindana na tangazo la kampuni kubwa, mradi wazo lililolizaa liwe limefikiriwa sawasawa.

Mfano mzuri ni mshindi wa kwanza wa mwaka 2012, maktaba ya Chuo Kikuu cha Tsinghua cha Beijing. Badala ya kuwapa wanafunzi wapya hotuba ndefu kuhusu namna ya kutafuta kitabu na kuheshimu kanuni, maktaba hiyo ilitengeneza video fupi zilizopitisha mafunzo hayo ndani ya kisa cha mapenzi, na kampeni yenyewe ikapewa jina lenye maana ya kuipenda maktaba. Ni chuo kikubwa, sikatai, lakini wazo lile halikuhitaji ukubwa wa chuo. Wanafunzi wa Nairobi ambao kila jioni hurekodi vichekesho kwa simu zao wangeweza kulitekeleza kwa wikendi mbili, na pengine kwa ucheshi zaidi.

Kwa miaka mingi mshindi wa kwanza wa IFLA amekuwa akigharamiwa safari na ada ya kuhudhuria kongamano la dunia la maktaba, pamoja na kupewa fedha taslimu. Fedha zenyewe si nyingi. Faida iko katika ile safari, kwa kuwa mkutubi wa hapa hukutana ana kwa ana na watu ambao vinginevyo angewasoma tu kwenye majarida. Upungufu wake unahusu lugha. Maombi hupokewa kwa lugha rasmi za shirikisho, ambazo ni saba: Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kirusi na Kihispania. Kiswahili hakimo, ijapokuwa kina wasemaji wengi mno barani Afrika. Kampeni iliyofanywa kwa Kiswahili au kwa Sheng itabidi ielezwe kwa Kiingereza bila kupoteza utamu wake, na hapo mwandishi mzuri anahitajika. Usimwachie kazi hiyo kijana wa mafunzo kwa vitendo aifanye siku moja kabla ya muda kwisha.

Tuzo ya John Cotton Dana

John Cotton Dana alikuwa mkutubi wa Marekani aliyefanya kazi Denver, Springfield na Newark hadi alipofariki mwaka 1929. Mwaka 1904 alifungua Newark tawi la maktaba kwa ajili ya wafanyabiashara, karibu na walipokuwa wakifanyia shughuli zao, wakati wengi wa wenzake bado waliamini kwamba kazi ya mkutubi ni kulinda vitabu dhidi ya wasomaji. Tuzo yenye jina lake imekuwepo tangu mwaka 1946, ikisimamiwa na chama cha maktaba cha Marekani kwa ushirikiano na EBSCO na mfuko wa H. W. Wilson. Kila mwaka hutuzwa maktaba nane, na kila moja hupata dola 10,000, ambazo kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi milioni moja.

Ukilinganisha kwa fedha peke yake, hakuna ubishi: Dana iko juu. Ukilinganisha kwa uwezekano wa kushinda, hali inageuka, kwa kuwa washindi wengi mno ni maktaba za Marekani zenye idara kamili za mawasiliano, na majaji wamezoea takwimu ambazo maktaba hizo hukusanya kama kazi ya kawaida. Maombi hupimwa kwa ngazi nne: kutambua mahitaji, kupanga, kutekeleza, na kutathmini. Naziona ngazi hizo kuwa darasa zuri kuliko zawadi yenyewe. Mkutubi asiyekusudia kuomba Dana hata mara moja bado angefaidika kuipanga kampeni yake kwa kufuata ngazi hizo.

Ngazi ya kwanza, ya kutambua mahitaji, ndiyo tunayoiruka zaidi. Huwa tunaanza na bango. Kabla ya bango kuna swali la kwa nini watu hawaingii, na jibu lake mara nyingi haliko kwenye matangazo kabisa. Maktaba ya McMillan, pale Banda Street, ilifunguliwa mwaka 1931, na Waafrika hawakuruhusiwa kuitumia hadi mwaka 1958. Hata leo ukisimama mbele ya nguzo zake na wale simba wa mawe, utawaona wapita njia wanaolitazama jengo kama ofisi ya serikali ambamo mtu haingii bila shida maalumu. Kwa jengo kama hilo, bango lenye maneno kwamba vitabu viko tele linajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Ujumbe unaohitajika ni kwamba mlango ni wako. Kazi ya Book Bunk, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 2017 kwa nia ya kukarabati maktaba hiyo pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara, imeonyesha kwamba simulizi ya jengo lenyewe, machungu yake yakiwemo, inaweza kuwavuta watu kuliko orodha ya huduma. Andiko linaloanza na uchunguzi wa namna hiyo lingesomeka vizuri kwa majaji wa Dana, na kwa wa IFLA vilevile.

Daftari la mlangoni

Niruhusuni nieleze namna andiko la maombi linavyokufa, kwa maana nimelishuhudia likifa. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikisaidia mawasiliano katika maktaba ndogo ya mtaa, upande wa mashariki wa jiji. Steji iliyokuwa mbele yake ilijulikana kwa jina la baa ya ng'ambo ya barabara. Tuliongea na wenye matatu wa njia ile, wakakubali mambo mawili: kibandiko nyuma ya kiti cha dereva, na makanga waanze kuiita steji hiyo Maktaba. Juma la kwanza walicheka. Baada ya miezi miwili ungemsikia makanga akigonga bati na kuuliza, "Maktaba iko mtu?", na mama mwenye mzigo wa sukuma wiki, ambaye hajawahi kukanyaga kwetu, akijibu kwamba yupo. Gharama yote ilikuwa vibandiko na soda za kikao.

Nilipofungua fomu ya maombi nikakuta swali: ni watu wangapi walioitembelea maktaba kabla ya kampeni, na wangapi baada yake? Wageni wetu walikuwa wakiandikwa na mlinzi katika daftari la mlangoni lenye jina, saa na namba ya simu. Nililifungua nikakuta kurasa za miezi miwili ya kabla ya kampeni hazipo. Siku chache baadaye nilinunua njugu za shilingi kumi kwa muuzaji aliyekaa kando ya lango letu, nikafungua karatasi aliyozifungia, na ndani yake nikaona mistari niliyoifahamu: saa tatu na robo, saa tatu na dakika ishirini, saini, namba ya simu. Achilia mbali sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, ambayo bila shaka haikutungwa kwa kuwazia njugu. Takwimu zetu za mwanzo zilikuwa zimeliwa. Maombi hayakupelekwa.

Nalieleza hili katikati ya ulinganisho kwa sababu tuzo zote mbili nilizozitaja, licha ya tofauti zake, zingetukataa kwa kosa hilo hilo, na Dana ingetukataa haraka zaidi. IFLA huenda ingevutiwa na lile wazo la steji na kutupa alama za ubunifu, lakini bila hesabu ya mwanzo hatungekuwa na la kusema kuhusu matokeo.

Tuzo za matangazo

Kundi la tatu si tuzo za maktaba kabisa. Ni tuzo za kampuni za matangazo, kama vile Effie, ambayo ilianzishwa Marekani mwaka 1968 na hutuza kampeni zilizoleta matokeo. Mara moja moja maktaba huibuka humo, na zinapoibuka huwa gumzo. Maarufu kuliko zote ni ya Troy, mji wa jimbo la Michigan. Mwaka 2011 maktaba ya mji huo ilikuwa karibu kufungwa kwa kukosa fedha, na wakazi walitakiwa kupiga kura kama wakubali nyongeza ndogo ya kodi ili kuiokoa. Waliopinga kodi walikuwa wamejipanga na kelele zao zilisikika. Ndipo yakatokea mabango yaliyowataka watu wapige kura maktaba ifungwe tarehe 2 Agosti, kisha wahudhurie sherehe ya kuchoma vitabu siku tatu baadaye. Mji ulichachamaa. Baada ya hasira kupanda ilifichuliwa kwamba mabango hayo yalitoka kwa watetezi wa maktaba, wakisaidiwa na kampuni ya Leo Burnett ya Detroit, nao wakasema wazi kwamba kupiga kura dhidi ya maktaba ni sawa na kuchoma vitabu vyake. Wakazi wakaikubali kodi, na kampeni ikapata Effie ya dhahabu mwaka 2012.

Ni kampeni ya werevu mkubwa, na nisingethubutu kuiiga Nairobi. Kwanza, fedha za maktaba zetu haziamuliwi kwa kura ya namna hiyo. Tangu Katiba ya 2010 maktaba ni jukumu la kaunti, na nafasi ya mwananchi iko katika vikao vya ushirikishwaji wa umma kuhusu bajeti, ambavyo watu wengi hawavihudhurii. Pili, katika jiji ambamo uvumi huenea kwenye makundi ya WhatsApp kwa nusu saa na kuukanusha huchukua wiki, picha ya bango la kuchoma vitabu ingebaki ikizunguka muda mrefu baada ya ufafanuzi kutolewa.

Mfano mwingine ni wa Maktaba ya Umma ya New York, ambayo mwaka 2018, ikishirikiana na kampuni ya matangazo ya Mother, ilianza kuweka vitabu vizima vya fasihi kwenye Instagram, katika sehemu ile ya picha zinazotoweka baada ya saa 24. Kazi nzuri sana. Nyuma yake kulikuwa na wachoraji, wataalamu na jina ambalo magazeti hulikimbilia. Hapo ndipo penye shida ya kundi hili la tatu: ada ya kuingia ni kubwa, mwombaji kwa kawaida ni kampuni ya matangazo, na maktaba huonekana kama mteja aliyebahatika. Iwapo kampuni ya Westlands au ya Kilimani imejitolea kuwatengenezea kampeni bila malipo, waachieni waombe wao, nyinyi mtoe takwimu. Bila mshirika wa namna hiyo, kundi hili lipiteni tu.

Nyingine kwa kifupi

Tuzo ya Systematic ya maktaba bora ya umma ya mwaka, ambayo Oodi ya Helsinki iliipata mwaka 2019, huchanganywa mara nyingi na hizi kwa kuwa nayo huhusishwa na IFLA, lakini hupewa maktaba mpya au zilizokarabatiwa sana. Ni ya majengo. Tuzo za masoko za chama cha maktaba cha Uingereza ni za Waingereza. Hapa nchini tumewahi kuwa na tuzo za maktaba bora ya mwaka, zilizojulikana kwa kifupisho LOYA na baadaye kama Tuzo za Maktaba, nacho chama cha wataalamu wa uhusiano mwema hutoa tuzo zake za ubora. Hizi za nyumbani hazitoi umaarufu wa nje, lakini maombi yake ni mepesi, majaji wanajua steji ni nini, na cheti chake huongeza uzito wa andiko litakalopelekwa nje.

Ipi kwa nani

Kwa maktaba ya umma au ya jamii yenye wazo zuri na mfuko mwembamba, nashauri IFLA bila kusita. Pengo kati yake na Dana ni fedha, na pengo hilo hufidiwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusikilizwa. Maktaba ya Orkney, huko visiwani Uskoti, ilijipatia wafuasi wengi mno kwenye Twitter kwa ucheshi wa mkutubi mmoja na utani wake wa muda mrefu na majirani zao wa Shetland, bila bajeti ya kutajika. Kampeni za aina hiyo ndizo zinazofaa kupelekwa mbele ya majaji waliokwisha kusema kwamba hawatazami ukubwa wa mfuko.

Kwa maktaba ya chuo kikuu yenye mfumo wa kompyuta unaohesabu kila anayepita getini na kila kitabu kinachoazimwa, Dana inafaa kufikiriwa, mradi kwanza msome kanuni za mwaka huo kuhusu waombaji wa nje ya Marekani. Vyuo vyetu vina takwimu za kutosha. Kinachokosekana kwa kawaida ni kampeni yenyewe, kwani barua pepe ya kuwakumbusha wanafunzi tarehe ya kurudisha vitabu haiwezi kuitwa kampeni. Shule za msingi na za upili zianzie nyumbani. Mwalimu anayesimamia maktaba huku akifundisha vipindi vyote vya darasa hana muda wa kuandika kurasa za Kiingereza kwa ajili ya The Hague.

Maktaba yetu ya stejini imeamua kujaribu tena IFLA mwaliko ujao utakapotoka. Safari hii kampeni itaanza baada ya kuhesabu wageni kwa miezi mitatu mfululizo. Daftari ni jipya, lina jalada gumu, halina tena safu ya namba za simu, na kila jioni mlinzi hulikabidhi dawatini kabla ya kufunga lango. Muuzaji wa njugu naye tumempa rundo la magazeti ya zamani.